Alama ya Kompyuta Mezani kwa Jaji

Katika mahakama nyingi za Marekani, jaji anapoamua kama mshtakiwa apewe dhamana au afungwe kwa muda gani, mbele yake huwekwa pia alama iliyotolewa na programu ya kompyuta. Alama hiyo hukadiria uwezekano wa mtu huyo kutenda kosa jingine. Programu iitwayo COMPAS huitoa kuanzia 1 hadi 10.

Programu haimjui mshtakiwa. Humlinganisha na watu waliopita mahakamani kabla yake, kwa umri, kwa makosa ya nyuma na kwa majibu ya dodoso. Akipata 8, maana yake watu wa aina yake walikamatwa tena kwa wingi. Yeye mwenyewe huenda asirudie kamwe. Tena kumbukumbu hizo huhesabu waliokamatwa, si wote waliotenda. Mtaa unaopigwa doria usiku na mchana utaonekana una wahalifu wengi kuliko mtaa ambao polisi hawafiki, hata kama makosa ni yaleyale.

Mwaka 2016, waandishi wa ProPublica, shirika la habari za uchunguzi, walichunguza alama za COMPAS katika kaunti ya Broward, Florida. Miongoni mwa washtakiwa weusi ambao hawakurudia kosa, karibu asilimia 45 walikuwa wamewekwa kwenye kundi la hatari. Kwa weupe ilikuwa kama asilimia 23. Kampuni iliyotengeneza COMPAS ilijitetea kwamba alama ileile ina uzito uleule kwa weusi na kwa weupe. Hesabu za pande zote mbili zilisimama, kwa sababu viwango vya kukamatwa vikitofautiana, usawa wa aina zote mbili, yaani programu kukosea kwa kiwango kilekile kwa kila kundi na alama kuwa na uzito uleule, haupatikani kwa pamoja. Usawa upi utangulie ni suala la sheria na dhamiri, na kampuni haina mamlaka ya kulijibu kwa niaba ya umma.

Mwaka huohuo, Mahakama ya Juu ya Wisconsin iliruhusu alama ya COMPAS itumike katika kesi ya mshtakiwa Eric Loomis ingawa ukokotoaji wake ni siri ya biashara, mradi majaji waonywe kuhusu mapungufu yake na isiwe ndiyo inayoamua hukumu. Kwa maoni yangu, onyo halitoshi. Mwaka 2018, watafiti Julia Dressel na Hany Farid walionyesha kuwa fomula ya vitu 2 tu, umri na idadi ya hukumu za nyuma, inakaribia usahihi wa COMPAS. Sasa siri hiyo inamlinda nani?

Wakili anayekutana na alama ya namna hii aanze kwa kudai dodoso lililojazwa, alipitie swali kwa swali pamoja na mteja wake. Jibu moja lililowekwa kimakosa linaweza kupandisha alama, na jaji ataona namba peke yake.