click() sio kidole cha mtu

Watu wengi wanaoanza JavaScript wanaamini ukiandika batani.click() basi brauza imefanya kila kitu ambacho mausi ingefanya. Sio kweli jamani. Mtu akibonyeza kwa mkono inatoka foleni nzima ya matukio (event, yaani taarifa ambazo brauza inatoa kitu kikitokea), pointerdown, mousedown, pointerup, mouseup, ndo click inakuja mwisho, sasa click() inarusha hiyo ya mwisho peke yake, kwa hiyo menyu iliyoandikwa ifunguke kwenye mousedown utaiita mpaka asubuhi na haifunguki.

"Basi natumia dispatchEvent, ile ya kurusha tukio nililolitengeneza mwenyewe, ile ndo ya ukweli." Hapana, zote mbili isTrusted yake (alama ya kuonyesha tukio limetoka kwa mtu kweli) ni false, brauza inajua kabisa hakuna mtu aliyegusa. Tena dispatchEvent inataka uangalifu zaidi maana new MouseEvent('click') usipoiweka bubbles: true haipandi kwenda kwa elementi za juu, na kama kodi inayosikiliza tukio imekaa kwenye div (boksi) ya nje haisikii chochote.

Dhana inayoniuma mimi ni hii: testi (programu inayojaribu ukurasa yenyewe) ikipita, mteja naye ataweza kubonyeza. Niliwahi kusaidia duka moja la mtandaoni, testi zote kijani, wateja wanalalamika batani ya kulipia haishikiki, tumehangaika na seva siku nzima kumbe kuna div isiyoonekana imelala juu ya batani, na click() haijali batani imefunikwa au imefichwa kwa display: none, yenyewe inaita tu (batani iliyowekwa disabled ndo inaikataa). Selenium, programu ya kuendesha brauza kwenye testi, ukiiambia ibonyeze kwa njia yake ya kawaida inaangalia kwanza nini kiko juu pale katikati ya batani, ikikuta kitu kingine inagoma na kukwambia click intercepted. Sasa wengi wakiona hilo kosa wanakimbilia kuita click() kwa JavaScript ili lipotee. Tafadhali usifanye hivyo, hapo umeonyeshwa kitu ambacho mteja anakutana nacho.

Kuna wanaodhani skripti inaweza kufungua dirisha la kuchagua faili yenyewe tu ukurasa ukifunguka. Haiwezi, lazima mtu awe amegusa kitu muda huo huo.

Na cheki boksi: kuandika checked = true inaweka tiki ila change (tukio la kusema tiki imebadilika) hairushwi, ukitaka irushwe hapo ndo click() inakufaa.