Nyuma ya spika: wanayodhani watu wagombea wanaponadiwa, na ukweli wake

Mimi ni fundi mitambo hapa Mbeya. Msimu wa kampeni spika zangu hukodiwa na chama chochote kinacholipa advansi, na sharti langu ni moja tu: fulana ya mtu sivai. Nimefunga vyombo Mwanjelwa vumbi likijaa kwenye miksa, nimefunga Tukuyu mvua ikinyesha wakati kwingine kote ni kiangazi, nimefika mpaka Mafinga na baridi yake. Mgombea hupandishwa jukwaani, akashikwa mkono ukainuliwa juu, muziki ukapigwa. Anayosema yeye nayasikia kwenye hedifoni. Wanayosema wananchi nayasikia pale kwenye jenereta, na mengi si kweli.

"Huyu diwani ndiye atakayetuletea lami."

Hili nimelisikia kwenye kila mkutano niliofunga vyombo, na wagombea wenyewe hulichochea. Barabara za mitaani na vijijini ziko chini ya wakala wa serikali, TARURA, tangu mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za wakala mwingine, TANROADS. Maji ya vijijini nayo yana wakala wake, RUWASA, tangu 2019. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayeajiriwa na diwani. Anachoweza diwani ni kupeleka kilio, kukumbusha, kuwabana kwenye vikao. Ni kazi kweli, lakini aiseme hivyo hivyo, asituambie greda liko njiani.

Sasa watu wakishalijua hilo wanakwenda upande wa pili: "Kumbe diwani hana lolote." Hapo nao wanakosea. Diwani huingia Baraza la Madiwani, na baraza ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri, linalotunga sheria ndogo, linalomchagua meya au mwenyekiti wa halmashauri kutoka miongoni mwao. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, lakini bajeti yake inapita mbele ya hao madiwani. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni fedha za halmashauri, na diwani ana haki ya kuuliza ilikwenda kwa nani. Kwenye kata yake yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mtendaji wa kata ni mwajiriwa na ndiye katibu wa kamati hiyo, kwa hiyo mnaowachanganya wawili hao acheni: mmoja mnampigia kura, mwingine analetwa.

Na ushuru! Mkulima wa viazi anajua geti la ushuru kuliko anavyojua ukumbi wa Bunge. Kuna mkutano mmoja, huko juu kwenye viazi, mama mmoja aliomba maiki. Nikampa, maana mshereheshaji alikuwa anasitasita. Akasema: "Mwanangu, karibu. Habari ya lami tumeisikia. Mimi naulizia lumbesa, hili gunia la kujazwa kupita kiasi. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, mnunuzi ananishonea kilemba juu, ushuru tunatozwa kwa gunia. Ukiingia kwenye baraza lenu utasema nini?" Mgombea akacheka, akamwita "mama yangu" mara tatu, kisha akanipa ishara niweke muziki. Niliweka, ndiyo kazi niliyolipwa. Ila swali bora kuliko lile sijalisikia tena, na halikuwa la mbunge wala la Rais. Lilikuwa la diwani hasa.

"Ukichagua Rais wa chama fulani, lazima mafiga yote matatu yawe ya chama hicho, la sivyo kura inaharibika."

Mafiga matatu, yaani Rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, ni lugha ya jukwaani tu, na ni tamu kweli, kwa sababu kila mtu amewahi kuona sufuria ikipinduka. Kwenye kituo unapewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge, ya diwani. Kila moja inahesabiwa kivyake. Ukiweka alama kwa vyama vitatu tofauti, kura zote tatu ni halali. Wala hatuhitaji mfano wa mbali: Mbeya Mjini ilimpeleka bungeni Joseph Mbilinyi, Sugu, kwa tiketi ya chama cha upinzani, CHADEMA, mwaka 2010 na 2015. Iringa Mjini ikafanya vivyo hivyo kwa Mchungaji Peter Msigwa, chaguzi hizo hizo. Ikulu ilibaki ya CCM miaka yote hiyo.

Ni kweli mgombea huwa na ilani ya chama chake na lazima adhaminiwe na chama, maana mgombea binafsi kwetu haruhusiwi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko hapo hapo Arusha, iliamua mwaka 2013 katika shauri la Mchungaji Mtikila kwamba katazo hilo linakiuka haki, lakini katiba haijabadilishwa. Kwa hiyo chama utakikuta kwenye karatasi upende usipende. Kupiga kura kwa mtu mmoja mmoja bado ni juu yako.

"Aliongoza kura za maoni, kwa nini jukwaani amesimama mwingine? Tumeibiwa."

Hapa hasira huwa kubwa, nimeshawahi kuokota spika chini. Kura za maoni ni za wanachama kupendekeza mgombea wa chama chao, si uchaguzi wenyewe. Ndani ya CCM, kwa mfano, vikao vya juu ndivyo vinavyofanya uteuzi wa mwisho, na aliyeongoza anaweza kuachwa. Unaweza kuuona ni utaratibu mbovu, mimi mwenyewe siupendi, lakini si sawa na kuiba kura kwenye sanduku.

"Akibaki peke yake amepita bila kupingwa, tukalale."

Ilikuwa hivyo. Mwaka 2020 wagombea ubunge zaidi ya 20 wa CCM walipita kwa njia hiyo. Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 imebadilisha: mgombea aliye peke yake naye anapigiwa kura, ya ndiyo au ya hapana. Amkeni.

"Nina kadi ya mpiga kura, basi nachagua yeyote, hata mwenyekiti wa kijiji."

Mjomba wangu alikwenda na kadi yake mfukoni tarehe 27 Novemba 2024, akarudi amenuna. Uchaguzi wa serikali za mitaa, unaowaleta wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji, husimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia serikali za mitaa, na una orodha yake ya wakazi. Mwaka ule watu waliandikishwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Kadi ni ya Daftari la Kudumu, la Tume ya Uchaguzi, kwa ajili ya Rais, mbunge na diwani, kwenye uchaguzi mkuu wa mwaka unaofuata. Kwa hiyo akinadiwa mtu mbele yako, uliza kwanza anagombea nini. Na kama uko Mbeya mjini uliza pia jimbo lako, maana mwaka 2025 Jimbo la Uyole lilimegwa kutoka Mbeya Mjini, na wapo waliokuwa wakimshangilia mgombea ambaye jina lake hawangelikuta kwenye karatasi yao.

"Sukari na kanga si rushwa, ni takrima."

Takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliwahi kuruhusiwa na sheria. Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006. Basi.

"Ni mtoto wa nyumbani, anajua shida zetu."

Labda. Kusema "kamwene" kwa watu wa Iringa au "ndaga fijo" kwa watu wa Tukuyu hata mimi naweza, na sina mpango wa kugombea.

"Mkutano ukinoga unaendelea mpaka usiku."

Mwisho ni saa 12 jioni. Kuna mgombea mmoja wa udiwani alitumia saa nzima kutambulisha wageni, wazee, wapambe na kwaya. Ilipofika saa 12 kasoro dakika moja akasema, "Sasa ndugu zangu, niwaambie maji yatatoka wapi." Nikatazama saa, nikamtazama polisi aliyesimama pembeni, nikazima jenereta.