Dawa za kuzuia damu kuganda na magoti yanayosagika: maswali na majibu

Hivi gegedu linaliwa na nini hasa?
Gegedu ni ule utando laini unaoteleza kwenye ncha za mifupa ndani ya jointi. Halina mishipa ya damu, ndo maana likiumia kupona kwake kazi. Ndani kuna nyuzi za kolajeni zinazolishikilia, na agrekani ambayo inavuta maji ili ukikanyaga libonyee halafu lirudi. Vimeng'enya ni protini zinazofanya kazi kama mkasi: vya ADAMTS-4 na ADAMTS-5 vinakata agrekani, MMP-13 inakata kolajeni, na kukata si ugonjwa, vinaondoa kilichochakaa, shida ni pale vinapokata haraka kuliko seli zinavyojenga. Agrekani ikipungua inaweza kutengenezwa tena, ila kolajeni ikishakatika hapo ndo pagumu.

Sasa dawa za damu zinaingiaje hapo?
Kuna moja inaitwa pentosani, inatengenezwa kutokana na mbao, na kwa muundo inafanana na heparini, ile sindano ya kuzuia damu kuganda, ila yenyewe nguvu yake kwenye kazi hiyo ni ndogo sana. Mwili una breki yake ya hivi vimeng'enya, protini inaitwa TIMP-3, sasa pentosani inaisaidia TIMP-3 ikishike kimeng'enya kwa nguvu zaidi na pia inazuia seli isiimeze mapema, kwa hiyo breki inakaa muda mrefu pale kwenye gegedu. Madaktari wa mifugo wanawachoma nayo mbwa na farasi wenye jointi mbovu. Kwa binadamu imezoeleka kama kidonge cha maumivu ya kibofu, na ukiitumia miaka mingi inaweza kuharibu macho, hilo watu hawaambiwi vya kutosha.

Kwa hiyo dawa yangu ya damu inanilinda magoti?
Hapana, usiihesabie hivyo. Heparini ikitumika muda mrefu inadhoofisha mifupa. Wafarini, ambayo ni kidonge cha kuzuia damu kuganda, inazuia kazi ya vitamini K, na vitamini K hiyohiyo inahitajika na protini inayozuia chokaa kujijenga kwenye gegedu, na kuna tafiti zilizoona wanaotumia wafarini wanabadilishiwa magoti na nyonga zaidi kuliko wanaotumia dawa mpya kama apiksabani. Hiyo haithibitishi kwamba wafarini ndo chanzo, ila ni swali zuri la kumuuliza daktari wako.

Basi niiache?
Usiiache wewe mwenyewe jamani! Damu ikiganda ikaenda kwenye ubongo au mapafu unaweza kupoteza maisha, goti linaweza kusubiri mazungumzo na daktari.

Na goti likiuma ninywe nini?
Hapa ndo watu wengi wanaumia. Ibuprofeni na diklofenaki ukichanganya na dawa ya damu unaweza kutokwa damu tumboni, ukiona choo cheusi kama lami usingoje. Paracetamol ni salama zaidi, ila kwa wafarini ukiinywa kila siku kwa dozi kubwa inaongeza nguvu yake, mwambie daktari apime INR, yaani kipimo cha muda ambao damu inachukua kuganda. Glukosamini nayo hivyohivyo, hata kama inauzwa kama virutubisho vya jointi tu.

Goti limevimba ghafla, limejaa na lina joto?
Inawezekana damu imevujia ndani ya jointi. Damu yenyewe ni sumu kwa gegedu, chuma chake kinaua seli na uvimbe unaamsha vimeng'enya vilevile. Nenda hospitali siku hiyohiyo, usikande, na taja dawa unayotumia kabla hawajakuandikia kitu chochote.