Pua kubwa haichekeshi

Jana tena. Mteja kanipigia simu, anataka mchoro wa kubandika kwenye duka lake la juisi, kanambia nichoree mtu wa kuchekesha bwana, mtilie pua kubwaa na meno nje. Namuuliza huyo mtu anafanya nini? "Hafanyi kitu, anachekesha tu." Wallahi nilinyamaza kwanza ndo nikamjibu. Huyu ni wa nne tangu Ramadhani iishe na wote wanataka pua. Sasa naandika hapa mara moja, akija wa tano namtumia linki.

Kukuza pua kuna kazi yake, sikatai. Wanaochora wanasiasa wanaihitaji. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeanza kuchorea gazeti la Daily Nation la Kenya mwaka 1992, akimchora kiongozi anavuta kile kitu ambacho kila mtu keshakiona kwenye tivii, kipara au shavu au tumbo, ili umjue kabla hujasoma neno hata moja. Pale pua ni jina la mtu. Lakini mimi nachora watu wa barazani, abiria wa daladala, mama aliyepanga foleni kwa wakala anataka kutoa hela. Hawa msomaji hawajui kwa sura. Nikimkuzia pua muuza kahawa namtambulisha nani? Nimemtukana tu mtu ambae hajanikosea kitu, na kicheko kinachotoka hapo ni cha kumcheka yeye, wakati mimi nataka tujicheke sote. Hapa ndipo ninapogombana na watu na sitoacha kugombana.

Hebu angalia kanga. Ina pindo, mji na jina, hayo tumekua nayo. "Hasidi hana sababu" ikiwa imekunjwa dukani Darajani, sokoni Unguja, ni kitambaa na bei yake. Sasa jirani mlienuniana aivae, apite mlangoni kwako mara mbili asubuhi moja na huko anakopita hana anachofata, hapo kanga ishasema. Maneno yaleyale, kilichobadilika ni nani kaivaa na kapita wapi. Mchoro nao ni hivyohivyo, kichekesho kimekaa kwenye nani yuko wapi na macho yake yanaenda wapi, na watu wangu wote wanaoijua kanga tangu tumboni ndo haohao wananiletea habari za pua!

Kuna mchoro mmoja umenikalia wiki nzima. Baraza, watu watano, kila mtu kainamia simu yake, muuza kahawa kasimama mbele yao anagonga vikombe na hakuna anaemsikia. Mara ya kwanza macho ya muuza kahawa nikayapeleka usoni kwao, ikawa hotuba, mzee analalamika kuhusu vijana, na hiyo kila mtu keshachoka nayo. Mara ya pili nikayashusha kwenye dele, birika lake la kahawa, ikawa huzuni, biashara imekufa. Mara ya tatu nikamuinamisha shingo kidogo, macho yakaingia kwenye simu ya yule wa mwisho, na yeye anaangalia, mkono uko juu na vikombe vyake kasahau kugonga. Mke wangu kapita na sinia ya mchele anachagua, kacheka na mimi sijamwambia kitu. Nukta mbili za wino, zimehama upana wa punje ya ule mchele. Pua haikuguswa.

Na anaesema watu hawatoelewa bila kuvurugwa sura, akatazame kazi za yule Mfaransa Jean-Jacques Sempé, kafariki 2022, majalada zaidi ya 100 alichorea jarida la Marekani The New Yorker, na watu wake wengi ni vijitu vidogo ndani ya mji mkubwa, uso mistari michache, na bado unamjua aliechoka.

Sasa niseme na yanayonikosesha usingizi. Michoro ya pua inasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp kuliko yangu, naiona mwenyewe, inarudi kwangu kutoka kwa watu watatu tofauti siku moja. Kwenye simu mchoro una upana wa vidole vitatu, nukta zangu za macho zinapotea. Pengine karatasi imenidanganya na inabidi nijifunze kuchora upya kwa kioo kidogo. Sijapata jawabu.

Jengine ni zito zaidi. Nilichora mama anakuna nazi kwenye mbuzi, simu kaichomeka ndani ya mtandio ubavu wa sikio, mikono yote miwili inafanya kazi na mazungumzo yanaendelea. Uso sikumtia kabisa, kageuka. Bi mmoja wa mtaani kwetu kanisimamisha njiani, "mwanangu, mbona umenichora mimi?" Nikamwambia sie wewe bibi, ni kina mama wote. Akasema hapana, wengine wanachomeka kulia, mimi nachomeka kushoto. Na kweli, nadhani nilimuona yeye. Hakukasirika, alicheka, lakini tangu siku ile najiuliza, kama hata bila uso mtu anajijua, ile heshima ninayoihubiri hapa naitimiza au naisema tu? Siku hizi nikimkumbuka mtu fulani wakati nachora namuonesha kwanza kabla sijaposti.

Ndo maana juzi mchoro wa barazani nikampelekea muuza kahawa mwenyewe wa mtaa wetu. Kautazama kimya muda mrefu, nikajua hakuupenda. Mwisho kanambia, "Yakhe, dele hushikwa mkono wa kushoto. Vikombe ndo vya kulia, utampaje mtu kahawa kwa kushoto?"

Nimefuta mikono yote miwili, nachora tena.