Majilio si Noeli iliyowahishwa

Desemba ikianza tu, nyimbo za Noeli husikika madukani Bagamoyo, na kwaya nyingine nazo huanza kuimba kuzaliwa kwa Bwana wiki tatu kabla. Hapo ndipo Majilio, kipindi cha Kanisa Katoliki cha kujiandaa kwa Noeli, yanapomezwa.

Majilio huanza Dominika (Jumapili) iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, yaani kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Dominika ni nne daima, ila idadi ya siku hubadilika: 22 hadi 28. Maana ya neno ni kuja, na Kanisa linangoja kuja kuwili. Hadi 16 Desemba masomo yanahusu zaidi Kristo atakaporudi katika utukufu. Ndiyo maana Injili ya Dominika ya kwanza inasema "kesheni" wala haitaji hori. Kuanzia 17 Desemba ndipo liturujia inaelekea Bethlehemu. Anayeruka sehemu ile ya kwanza anabaki na sherehe ya mtoto mchanga, bila swali la amejiandaaje kukutana na Hakimu wake. Kitubio, yaani kuungama dhambi, kina nafasi yake hapa, na si vema kukisubirisha hadi foleni ya tarehe 24.

Rangi ni zambarau, na ya waridi yaweza kuvaliwa Dominika ya tatu, ya furaha. Wimbo wa Utukufu hauimbwi Dominika hizo, lakini Aleluya inabaki. Wengi huiondoa wakidhani ni kama Kwaresima, ambapo Aleluya haiimbwi.

Shada la mishumaa minne, ambamo kila Dominika huwashwa mmoja zaidi, lilianzia kwa Walutheri wa Ujerumani. Hapa pwani matawi ya mvinje yanafaa, ila hukauka upesi: yabadilisheni kila wiki. Mshumaa mwembamba hupinda kwa joto, hivyo chagueni minene na muiwashe wakati wa sala tu. Wa kwanza utakuwa mfupi kuliko yote. Msiubadilishe, ufupi wake ndio hesabu ya kungoja. Pango la Noeli likiezekwa kwa makuti, mishumaa ikae mbali nalo.

Tarehe 24 ikiangukia Dominika, kama itakavyokuwa 2028, Misa ya jioni ya mkesha haitoshelezi wajibu wa kusali Misa wa siku zote mbili, Dominika na Noeli. Ni Misa mbili.

Mtoto Yesu huwekwa pangoni usiku wa mkesha, mamajusi siku ya Epifania, sikukuu ya Tokeo la Bwana. Pango lisibomolewe tarehe 26: kipindi cha Noeli hufika hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Januari.