Usalama wa maabara si kazi ya afisa usalama peke yake

Katika taasisi za utafiti wengi huamini kwamba usalama ni kazi ya afisa usalama. Sivyo. Yeye hushauri na kukagua. Wajibu mkuu, kwa Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 155 wa mwaka 1981, ni wa mwajiri, na wafanyakazi wanapaswa kushirikiana naye.

Ila mengi huamuliwa mezani pa mtafiti. Akimimina asidi ya nitriki kwenye chupa ya taka yenye mabaki ya ethanoli, kisha akaikaza kifuniko, gesi hujaa ndani na chupa inaweza kulipuka baadaye, pengine mbele ya mfanya usafi ambaye hakuambiwa lolote. Hilo linaniuma sana. Lebo ya kilichomo huandikwa na anayemimina, kabla hajamimina.