Je, wajua wengi hutambua wito wao wakiwa tayari kazini?

Kutoka Arua hadi Mbarara, vijana hukesha makanisani na misikitini wakiuliza jambo lilelile: Mungu anataka nifanye nini na maisha yangu? Wengi husubiri ndoto, sauti, au neno la nabii. Basi mtu huutambuaje wito wake? Ukiwafuatilia watu ambao Uganda inawakumbuka kwa imani yao, utaona kwamba mara nyingi wito uliwakuta wakiwa kazini, katikati ya watu waliowahitaji.

Chukua Hospitali ya Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Wakomboni, shirika la wamisionari Wakatoliki. Mwaka 1961 daktari Mwitaliano Piero Corti alimwomba mwenzake kutoka Kanada, daktari wa upasuaji Lucille Teasdale, aje amsaidie kwa miezi miwili. Miezi miwili tu! Wakaoana mwaka huohuo, na Lucille akaitumikia Lacor zaidi ya miaka 30. Aliambukizwa virusi vya UKIMWI akiwafanyia watu upasuaji, akaendelea na kazi miaka mingi, akafariki mwaka 1996. Alipokubali kwenda, aliombwa msaada mdogo tu. Mengine aliyajua baada ya kuwaona wagonjwa.

Mwaka 1983 alifika hapo kwa mazoezi ya udaktari kijana mzaliwa wa Kitgum, Matthew Lukwiya, Mprotestanti katika hospitali ya Wakatoliki. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi waliokuwa wakipigana na serikali walivamia hospitali wakitaka kuwateka wahudumu. Lukwiya akawaambia wamchukue yeye, nao wakamshikilia kwa takriban wiki moja. Baadaye alikwenda kusoma Liverpool, Uingereza, akafaulu kwa kiwango cha juu sana, kisha akarudi Gulu wakati vita bado vinaendelea.

Oktoba 2000 alikuwa masomoni Kampala alipopigiwa simu kwamba wagonjwa wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Alirudi Lacor mara moja. Ilikuwa Ebola, na katika mlipuko ule watu 425 waliugua, 224 wakafa. Wauguzi walipoanza kufa, wenzao walitaka kuacha kazi, na haki yao ilikuwa wazi kabisa. Lukwiya alikaa nao, akawasikiliza, akawasihi, nao wakabaki. Tarehe 5 Desemba 2000 ugonjwa huohuo ulimuua. Alizikwa katika uwanja wa hospitali, kando ya kaburi la Lucille.

Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, nao walikuwa na kazi zao. Karoli Lwanga alikuwa mtumishi katika ikulu ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda. Kiongozi wa Wakristo wa ikulu, Yosefu Mukasa Balikuddembe, alipouawa Novemba 1885, Lwanga ndiye aliyebaki kuwalinda na kuwafundisha vijana wa ikulu, hadi alipochomwa moto Namugongo, karibu na Kampala, tarehe 3 Juni 1886. Wanaotembea kwa miguu hadi Namugongo kila mwaka wanamkumbuka mtu aliyeitwa na Mungu akiwa zamuni.

Kwa nini huwa hivyo? Naamini ni kwa sababu maombi hunyoosha nia, lakini kipawa na huruma havionekani mpaka mikono iguse kazi. Waislamu wanalijua hili katika istikhara, swala ya kuomba mwongozo: mja huswali rakaa mbili, humwomba Mwenyezi Mungu kheri, hutaka ushauri, kisha huliendea jambo akitumaini kwamba Mola atalifanya jepesi au atamwepusha nalo. Ndoto si sharti.

Ila tahadhari moja, na naisema kwa uzito. Kuhitajiwa peke yake si wito. Yupo kijana anayesukumwa seminarini ili ukoo upate padri, na yupo binti anayetumikishwa bila mshahara akiambiwa anamtumikia Mungu. Lukwiya na Lucille walibaki kwa hiari. Njia ya kuondoka ilikuwa wazi mbele yao.

Kwa hiyo ukitaka kujua wito wako, endelea kuomba, lakini pia waulize waliokuona ukifanya kazi: mwalimu wa zamu, mama wa jumuiya, sheikh wa mtaa, hata wagonjwa au wanafunzi uliowahudumia. Mara nyingi wao wameshaona kile ambacho wewe bado unakiombea.